Mwonja Barafu

Marehemu mume wangu alifanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha barafu cha mji mmoja mdogo wa pwani, na kazi yake ilikuwa kuonja barafu. Nimeanza na jambo hilo kwa makusudi. Kwa miaka mingi sikulisema, na kwa kuwa sasa limeshajulikana, ni afadhali liandikwe na mimi niliyekaa naye nyumba moja kuliko kuachwa lizunguke mitaani likiota mikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Barafu hugandishwa ndani ya makopo marefu ya bati, kila moja lina kimo cha mtoto wa darasa la pili na namba yake imepigwa ubavuni. Makopo hujazwa maji ya kunywa, kisha huning'inizwa ndani ya tangi kubwa la maji ya chumvi yaliyopozwa na mashine. Maji ya chumvi huwa baridi kupindukia lakini hayagandi. Ya kunywa, ndani ya kopo, huwa jiwe kwa siku moja na ushei. Adui ni kutu. Kopo likipata tundu, hata la sindano, chumvi hupenya, na jiwe likitolewa huonekana zima lakini halifai. Juu ya samaki huyeyuka upesi, na likipondwa likatiwa kwenye glasi ya mgeni pale hotelini, mji mzima hupata habari kabla mgeni hajamaliza kukohoa.

Kwa hiyo kila asubuhi, mawe yalipopangwa kwenye sakafu ya saruji, mume wangu alipita kati yake na patasi ndogo. Alibandua kipande chembamba kama ukucha, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Kisha alisema "Safi", au alisema namba. Akisema arobaini na mbili, kopo namba arobaini na mbili lilikwenda kwa mchomeleaji na hakuna aliyebisha.

Hakulamba jiwe. Naomba hilo lieleweke. Anayelamba ni yule anayepitisha ulimi juu ya kitu. Mume wangu alibandua, akaonja. Lakini watu wa mji ule walipenda mzaha kuliko usahihi, wakasema analamba, wakambatiza jina la Ulimi. Nami, niliyekuwa na cheti cha ualimu chenye daraja la kwanza, nikawa mke wa Ulimi sokoni, posta, na hata kwenye mikutano ya wazazi.

Tulikutana kwa sababu ya ulimi huohuo. Nilikuwa mwalimu mpya, naye alileta barafu shuleni siku ya michezo. Nilimpa glasi ya maji, akanywa funda moja, akaniambia kwa adabu kwamba mtungi wangu umejazwa kwenye kisima cha upande wa makaburini na si kile cha shule, na kwamba mwanafunzi niliyemtuma amenidanganya. Nikamwita mwanafunzi. Ilikuwa kweli. Kuanzia siku hiyo nilimheshimu, na kwa mwanamke wa aina yangu safari iliyobaki haikuwa ndefu.

Alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, mwenye miguu ya kutafutiwa viatu vya kuagiza. Katika mji ambao watu walivua mashati kwa joto, yeye alikwenda kazini amevaa sweta mbili na soksi za sufu. Hakunywa chai mpaka ipoe ikafanya utando. Pilipili haikuvuka kizingiti chetu ila siku ya mapumziko. Kabla ya kutoka alitafuna kipande cha mkate mkavu, akasukutua, na hakunibusu mpaka arudi, akidai kwamba mafuta yangu ya mdomo yana ladha ya nta na yatamharibia siku.

Kisha nilipandishwa cheo, nikapelekwa bara kuwa mkuu wa shule. Watoto walikuwa bado wadogo. Kule hakukuwa na kiwanda cha barafu, naye alipata kazi ya kutunza stoo ya hospitali, akaifanya kwa moyo mweupe. Siku ya kwanza ofisini nililetewa fomu yenye nafasi ya kazi ya mwenzi. Karani alikuwa anasubiri. Niliandika: mhandisi wa mitambo ya kupoza, anapumzika. Jioni nilimwonyesha nakala. Aliisoma mara mbili, akanirudishia. "Mke wangu, umeniajiri," alisema. "Sasa unionyeshe na ofisi."

Hakulithibitisha neno hilo hata siku moja, lakini pia hakulikanusha mbele za watu, kwa kunistahi. Wala tulipokuwa peke yetu hakulitaja tena. Likatoka kwenye fomu likaingia midomoni, likakaa. Watoto wakakua wakiitwa watoto wa mhandisi. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, liliandikwa kwa herufi nzito kwenye kijitabu cha mazishi, na niliyesahihisha kijitabu hicho ni mimi.

Safari ya kurudi pwani ilikuwa wazo la mwanangu wa kwanza. Yeye ni mhandisi wa kweli, wa madaraja. Alikuwa ameandika ratiba: saa tisa za barabara, vituo viwili, mayai ya kuchemsha dazeni moja, machungwa, chupa mbili za chai. Mdogo wake, binti yangu, ambaye ni daktari wa meno, ndiye aliyeshika usukani, maana kaka yake huendesha gari kama mtu aliyepakia vioo. Nyuma tulikaa mimi na mjukuu wangu wa miaka tisa, binti wa huyo daktari, ambaye hakuwa ameona bahari na aliuliza kila tulipopanda kilima kama iko nyuma yake.

Njiani waliniomba hadithi za mji wetu wa zamani. Nilitoa zile zisizo na hatari: upepo uliobeba madaftari yangu mpaka forodhani, paka wa posta aliyelala juu ya vifurushi. Binti yangu alicheka mpaka akakosa njia panda, na kaka yake akatumia nusu saa kueleza kwamba yeye alikuwa amesema kushoto.

Kituo cha pili kilikuwa penye pampu za mafuta, kwenye benchi la saruji. Mwanangu alikwenda nyuma ya gari, akarudi na kitu kilichofungwa kwa taulo.

"Mama, nilitaka iwe siri mpaka tufike," alisema, "lakini imenishinda."

Lilikuwa bamba la shaba, zito, limeng'arishwa, limetobolewa pembe zote nne. Lilikuwa na jina kamili la baba yake, na chini yake: Mhandisi Mkuu wa Kiwanda Hiki. Alieleza kwamba alikuwa amemwandikia meneja, na meneja amefurahi kwamba watoto wa mfanyakazi wa zamani wanakumbuka. Hakuwa na kumbukumbu za miaka ile, zimeliwa na mchwa, kwa hiyo alikubali kila alichoambiwa. Bamba litawekwa kesho saa nne asubuhi kwenye ukuta wa mbele. Tena kuna zawadi: fundi mkuu wa enzi zile bado yu hai na atahudhuria.

Yai lilinikwama. Binti yangu alinipiga mgongoni mpaka likashuka, nami nikasema kwamba bamba ni zuri na herufi zimenyooka. Zilikuwa zimenyooka kweli.

Jambo lililonitoa jasho ni hili. Kiwanda kile hakikuwahi kuwa na mhandisi. Kilikuwa na fundi mkuu, na mashine zilikuwa zake, na cheo kilichochongwa kwenye shaba kilikuwa chake kwa kila haki. Kesho angesimama mbele ya ukuta na kusoma kwamba kazi ya maisha yake ilifanywa na rafiki yake Ulimi. Asingehitaji hata kukasirika. Angecheka tu, na watu wangecheka naye, na wanangu wangesimama katikati na drili mkononi wakiwa watoto wa mwongo. Na mwongo angekuwa baba yao, ambaye hakusema uongo hata mara moja.

Kwa saa tatu zilizobaki nilijaribu kila mlango. Nilisema tuanze na ufukwe, tukae kutwa, kiwanda hakikimbii. Mwanangu akasema tumeahidi watu. Nilisema nyonga inanisumbua. Binti yangu akanipa vidonge. Nilisema kuta za pwani zimeliwa na chumvi, hazishiki skrubu. Mwanangu alifurahi kwamba nimeuliza. Alikuwa amebeba skrubu za ukubwa wa aina nne.

Bahari ilitokea ghafla upande wa kulia, na mjukuu wangu aliitazama muda mrefu, kisha akauliza nani anaisafisha. Tulicheka sote, na kwa dakika tano nilisahau bamba.

Kabla ya kwenda nyumba ya wageni walitaka kuona tulipokuwa tunakaa. Ni vyumba viwili nyuma ya duka lililokuwa la kamba na nyavu. Sasa wanatengeneza simu. Nilikuwa ninawaonyesha dirisha la jikoni niliposikia mtu ananisalimu kutoka ng'ambo ya barabara. Mshona sare wa shule alikuwa palepale nilipomwacha, nyuma ya cherehani ileile, isipokuwa miwani. Aliivua akanikagua.

"Mke wa Ulimi," alisema. "Umenenepa."

Binti yangu aliuliza Ulimi ni nani. Nilisema mji huu kila mtu ana jina la utani, nikamgeukia mshona sare na kumuuliza hali yake, na ya wanawe, na ya wakwe zake, na ya mguu wake, mpaka akasahau alichotaka kusema. Lakini ndani ya gari niliona macho ya binti yangu yakinitazama kwenye kioo. Daktari wa meno amezoea watu wanaofunga midomo.

Asubuhi niliwaambia kwamba ninakwenda kunyoosha miguu. Niliwaacha mezani na chai, nikafika kiwandani saa mbili na nusu. Jengo ni lilelile refu la bati na tofali, sakafu ya mbele imelowa daima, vibarua wamefunga magunia begani, mawe yanateleza kwenye mfereji wa mbao na kuingia kwenye malori yakifoka moshi mweupe. Fundi mkuu alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa juu ya kopo lililopinduliwa, mzee mkavu mwenye shati la kupigwa pasi, na aliponiona alinyanyuka.

"Shemeji," alisema. "Na wewe hukulala?"

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mikono mbele, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Fomu, kijitabu, bamba. Nilimwambia kwamba sina haki ya kumwomba, lakini ninamwomba anyamaze asubuhi moja, kwa ajili ya watoto. Alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Kichukue cheo, shemeji. Mimi kilinipa kikohozi tu. Kama kitamfaa rafiki yangu, nakitoa." Akakunja leso vizuri. "Lakini mwenyewe alikikataa, unajua?"

Sikujua. Akanieleza. Mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza, mwenye kiwanda alitaka kumhamishia mume wangu kwenye chumba cha mashine awe naibu wa fundi, mwenye ovaroli la buluu, meza yake na jina mlangoni. Baadaye angerithi cheo chote. Alikwenda siku moja kukiona chumba, akanusa ile gesi kali ya mitambo, akarudi kwenye mawe yake. Alisema mwezi mmoja mle ndani utauua ulimi wake, na ulimi ukifa hajui mtu gani atasema namba. Wiki moja aliyowahi kupata mafua, fundi alisema, malori yalipanga foleni mpaka posta, kiwanda kizima kikisubiri pua ya mtu mmoja ipone.

"Akaniapisha usijue," alisema fundi. "Alisema, mke wangu akijua, kesho nitalivaa hilo ovaroli."

Alisema kweli. Ningelipiga pasi mwenyewe.

Niliketi kwenye lile kopo. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa ninamvika mtu vazi alilokwisha kulivua kwa hiari yake, naye akaniacha nivike, maana aliona linanipasha joto mimi. Niliona aibu, na nisifiche, niliona pia kichekesho. Mtu niliyemdhania hana makuu alikuwa na majivuno kunishinda. Aliipenda kazi yake kiasi cha kunificha.

Gari lilipofika, mwanangu alishuka na drili, binti yangu na taulo lenye bamba, mjukuu na mfuko wa skrubu. Meneja, mwanamke kijana aliyevaa viatu vya mpira, alitoka kuwakaribisha. Fundi alinitazama na kukaa kimya kabisa, kama alivyoahidi. Angenyamaza. Nilikuwa na nafasi, na niliiona ikisimama wazi mbele yangu.

"Msitoboe," nilisema. "Baba yenu hakuwa mhandisi. Mhandisi nilimwandika mimi, kwenye fomu, kwa kalamu yangu. Yeye alikuwa mwonja barafu, na mji huu ulimwita Ulimi. Hakumdanganya mtu. Niliyedanganya ni mimi."

Maji yalidondoka kwenye mfereji. Binti yangu ndiye aliyeanza, na alianza kwa meno. Alisema miaka yote alipomtibu baba yake alishangaa meno ya mbele, hayavumilii hata chungwa, na kila alipouliza aliambiwa ni upepo. "Upepo," alirudia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia bega la meneja, ambaye hakujua kama ni adabu kucheka au kulia.

Mwanangu hakucheka. Aliweka drili chini taratibu.

"Mama, mimi nilisoma uhandisi kwa ajili yake. Mwaka wa kwanza nilianguka hesabu, nikafunga sanduku nirudi nyumbani. Nikajiambia mtoto wa mhandisi haachi."

"Na hukuacha," nilisema.

"Hilo si jibu."

"Sina jingine, mwanangu. Nisamehe."

Sina mazoea ya kuomba radhi mbele ya watu. Vibarua walikuwa wamesimama na mawe yao, yanayeyuka. Mwanangu alitazama ukuta, kisha akamgeukia fundi na kumuuliza, kwa sauti kavu ya kazini, makopo yalikuwa mangapi. Mia na ishirini. Na baba aliyapitia yote kila siku? Yote. Na alitambuaje tundu dogo, kwa kiasi gani cha chumvi? Fundi akasema hakutambua tundu tu. Kwa ladha alijua kama limetoboka kitakoni au limeachia kwenye mshono. Mwanangu akasema haiwezekani. Fundi akamwambia aingie ndani ajaribu.

Waliingia, na meneja akawafuata na kile kipimo chao cha siku hizi chenye tarakimu. Tulisubiri nje. Walikaa muda. Mwanangu alipotoka midomo ilikuwa imekufa ganzi na alizungumza kama aliyetoka kwenye kiti cha dada yake. Alikuwa ameonja mawe tisa, moja likiwa la kopo linalovuja, na hilo akalipitisha kuwa safi, akatuhumu lile zuri kuliko yote.

"Mama," alisema, "ni kasi ngumu." Alitaka kusema kazi. Alisubiri ulimi urudi, akaendelea. "Ningejua, ningemwuliza mambo mengi. Miaka yote ile sikumwuliza kazi yake hata siku moja, nilidhani ninaijua."

Hapo ndipo hatia iliponiuma, na nikaikubali.

Binti yangu alikuwa ameshageuza bamba. Nyuma lilikuwa safi, halina hata mkwaruzo. Alisema upande mmoja uangalie watu na mwingine uangalie ukuta, na ukuta haujui kusoma. Fundi alisema karibu na posta yupo mchonga mihuri anayeweza kuchonga shaba ukisubiri.

Tuliingia sote kwenye kibanda chake, watu watano na bamba, mpaka ikabidi mjukuu akae mezani. Niliomba karatasi nikaandika maneno kwa mwandiko wangu: alionja barafu ya mji huu kwa miaka kumi na minane. Fundi akasema haitoshi. Bila Ulimi, alisema, watu watapita hapo miaka mia wakijiuliza ni mgeni gani. Nilipinga. Nilikuwa nimelikimbia jina lile mpaka bara. Binti yangu akaniuliza kama aliyeitwa hivyo aliwahi kulalamika, na nikakumbuka kwamba alikuwa anaitika kabla hata wito haujaisha. Nikaliongeza mwishoni, kwa herufi ndogo. Fundi akaomba ziwe kubwa kidogo. Tukavutana, tukakubaliana katikati.

Mchonga mihuri alivaa miwani yake, akasoma karatasi, akakaza bamba kwenye jiliwa. Kisha, kama anavyomuuliza kila mteja, akauliza kabla ya jina la marehemu aweke cheo gani. Mwanangu alinitazama. Binti yangu alinitazama. Fundi alijitia kusoma tangazo lililobandikwa ukutani.

"Hana," nilisema. "Anza na jina. Na lichonge kubwa."